Jicho la Mama na Kiyoyozi cha Kalenga

Tangu nirudi kutoka Mitwaba, watu wananisimamisha mlangoni pa kanisa, kwenye bomba la maji, hata shuleni, na wote wanauliza jambo moja: "Madame, ni kweli motokari ya Kalenga ilikuwa inapika bukari?" Hapana, rafiki zangu. Haikupika bukari, ugali wetu huo. Ilifanya jambo lingine, na nikilikumbuka mpaka leo nashika kichwa. Basi naandika mara moja, ili kila mtu apate habari ileile, kabla shemeji zangu hawajaiongezea chumvi.

Kwa wale wasiotufahamu vizuri: mama yetu, Mama Ngoie, anaishi Mitwaba, analima mihogo na mahindi. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, yeye mwenyewe akiwa bado msichana. La kulia liliingiwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka minne alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa namna tunavyovuta viatu. Mwaka huu tulimleta Lubumbashi, akapasuliwa, akakaa kwangu, mtaa wa Hewa Bora, mpaka daktari aliporidhika. Siku ya kuondoka muuguzi alinivuta pembeni, akanishika kiganja kama mtu anayekabidhi funguo. "Vumbi lisiingie. Jasho lisiingie. Na asilisugue, hata kidogo. Kidonda kikifunguka, yeye hana jicho la akiba."

Mtaniuliza kwa nini hatukungoja. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Mvua zikishaanza, njia ya Mitwaba inageuka uji, na Mama angebaki kwangu mpaka mwaka mwingine huku shamba lake likiota majani. "Miezi sita mu nyumba ya watu?" aliniuliza. Nikamwambia nyumba ni ya binti yake. "Njo vile nasema," akajibu. "Ya watu."

Hivyo mpango ukawa huu: gari la ndugu yangu mdogo Kalenga, vioo vyote vimefungwa kabisa, kiyoyozi kikipuliza, na Mama akiwa nyuma na kikinga cha plastiki juu ya jicho, kimeshikwa na sparadrap, ule utepe wa hospitali unaonata. Kalenga, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, aliapa. "Yaya, clim yangu iko nguvu. Mama atasikia baridi mpaka ataomba blanketi."

Hewa Bora hadi kizuizi cha malipo

Tulitoka asubuhi, na mwanzoni Kalenga hakuwa amesema uongo. Tulipoacha mji na gari likashika mwendo kwenye lami ya Likasi, hewa iliyotoka mbele yetu ilikuwa kama ya kisima. Mama alijifunika kitenge hadi kidevuni.

"Kalenga, unataka kuniweka mu frigo kama samaki?"

"Mama, si nilisema?"

"Ulisema. Sasa punguza."

Akapunguza, tukacheka, na mimi nikafungua mkebe wa mikate niliyokaanga alfajiri. Safari ilianza hivyo, kwa raha, na naiandika raha hiyo kwa sababu haikudumu.

Kwenye kizuizi cha malipo tulikuta malori ya madini yamesimama mistari miwili. Tukasimama nyuma yao, injini ikiwaka. Baada ya muda mfupi nilihisi kitu kisicho cha kawaida kwenye mikono yangu. Nikaweka kiganja mbele ya tundu la hewa. Hewa ilikuwa ya uvuguvugu. Nikangoja kidogo, nikaweka tena. Ilikuwa ya moto.

"Kalenga, clim imekufa."

"Haikufe, Yaya. Inapumzika kidogo. Tukitembea itarudi."

Na kweli, tulipovuka na kushika mwendo, baridi ilirudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi ninafundisha fizikia, kama mnavyojua, na jambo linaloenda na kurudi kwa utaratibu halinipi usingizi. Gari likitembea, baridi. Gari likisimama, moto. Nikamwuliza Kalenga hali hiyo ilianza lini. Akaangalia barabara kwa makini sana, kama mtu anayetafuta shimo.

"Zamani kidogo," alisema.

"Zamani gani?"

"Yaya, ona bale mbuzi."

Hapakuwa na mbuzi.

Likasi, kwa fundi wa gesi

Likasi tulisimama kula. Mama alitaka bukari na mboga ya lengalenga, na mwenye kibanda alimletea pia samaki aliyekaangwa mzimamzima. Nilimlisha mwenyewe garini, vioo vikiwa vimefungwa, maana nje upepo ulikuwa unabeba vumbi jekundu. Tulipomaliza, shingo ya Mama ilikuwa imelowa. Nilimfuta kwa kitambaa, kuanzia chini kwenda juu, nikaacha nafasi pana kuzunguka jicho.

Kalenga alikuwa ameshampata fundi. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye chupa kubwa ya gesi juu ya kigari cha matairi mawili, na kabla hata hajafungua boneti alishatoa hukumu.

"Gaz imeisha."

"Samahani, kaka," nilisema. "Kama gesi imeisha, kwa nini tukitembea inapoa?"

"Madame, gaz iko kidogo. Kidogo inatosha kwa kutembea. Kwa kusimama inakosa nguvu."

"Lakini mtu aliyesimama hatumii nguvu zaidi kuliko anayetembea."

Akacheka, akamgeukia Kalenga. "Grand, dada yako ni mwalimu?"

"Ni mwalimu," Kalenga alijibu kwa huzuni.

"Njo vile naona. Madame, clim haisomake mu kitabu. Clim inataka paka gaz, gaz tu."

Akaweka gesi. Sikuwa na ushahidi wa kumpinga. Tulipowasha gari na kulisimamisha palepale, hewa ilitoka ya moto kuliko mwanzo, si kidogo, bali kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri la mikate. Fundi alisema inahitaji kuzoea. Tulipokuwa tukitoka mjini, Kalenga alikiri kwamba hii ilikuwa mara ya tatu kuongeza gesi tangu mwaka jana.

Nilishtuka kweli. "Mara ya tatu? Na ukaniambia nimpakie Mama ndani ya gari hili?"

"Yaya, Lubumbashi natembeaka asubui na magaribi, mu baridi. Sikujua."

"Ulijua! Ulinionyesha mbuzi wa uongo!"

Tukagombana. Siwafichi, tuligombana kama watoto wa shule ya msingi, yeye akinirushia mambo ya miaka ya nyuma na mimi nikimrudishia. Mama, huko nyuma, hakusema neno. Nilidhani amelala.

Lwambo, tulipopakia maiti

Baada ya Likasi lami iliisha na tukaingia njia ya udongo. Vumbi lilikuwa limesimama hewani kama pazia. Mwendo ulikuwa mzuri bado, hewa ilikuwa baridi, nikampa Mama dawa ya matone kwa wakati wake, kisha akajinyoosha kwenye kiti chote cha nyuma, akajifunika kitenge cheupe cha kanisani ili alale.

Lwambo kulikuwa na kamba iliyofungwa katikati ya njia, na wanaume watatu waliokaa kwenye gogo. Mmoja alikuja dirishani, akachungulia nyuma. Aliona mwanamke mzee amelala chali, jicho limefunikwa, mwili umefunikwa kwa kitambaa cheupe, vioo vimefungwa kabisa. Uso wake ulibadilika. Akavua kofia.

"Pole sana," alisema kupitia kioo. Akawaita wenzake. Wote watatu wakavua kofia, wakafanya ishara ya msalaba, na mmoja akaenda haraka kufungua kamba.

Mimi sikuelewa. Kalenga alielewa, na badala ya kusahihisha alitikisa kichwa taratibu kwa uchungu wa bandia, kwa sababu aliona kamba inafunguka bure. Gari lilikuwa limesimama tayari kwa dakika kadhaa na hewa ilikuwa imegeuka moto. Mama akaamka kwa joto. Akainuka ghafla, kitenge kikaanguka, akagonga kioo.

"Jambo yenu, batoto! Kuko maji ya baridi?"

Yule mwenye kofia alipiga ukelele ambao nadhani ulifika Likasi. Aliruka mtaro kwa hatua moja. Wenzake walikimbilia upande mwingine, na mmoja akaacha kiatu. Ilichukua muda mrefu na maelezo mengi mpaka wakarudi, na yule wa kwanza bado alikuwa akimwangalia Mama kutoka mbali.

"Mama, utanisamehe. Tulizani umekufa."

"Nikufe mbele ya kupanda mihogo?" Mama alisema. "Leta maji, mwanangu."

Walituletea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye chupa, uliokuwa umewekwa kivulini, mtamu na mchachu kidogo, na hawakukubali tulipe. Tulicheka sote. Kalenga alicheka zaidi. Ilikuwa mara ya mwisho siku hiyo.

Darajani

Saa saba hivi tulifika kwenye daraja la mbao, na juu yake lilikuwa limekaa lori la mahindi lenye ekseli iliyovunjika. Halikuwa limeanguka. Lilikuwa limekaa tu, katikati kabisa, kama kizibo kwenye chupa. Mbele yetu kulikuwa na gari moja, la mzee mmoja anayefanya biashara ya samaki. Nyuma yetu magari yakaanza kujipanga. Dereva wa lori alisema ekseli nyingine inakuja kwa pikipiki.

"Kutoka wapi?" Kalenga aliuliza.

"Likasi."

Sasa naomba mnielewe tulivyokuwa. Majani ya pande zote yalikuwa yameteketezwa, kama kila mwaka kabla ya mvua, na upepo wa mchana ulikuwa unayainua majivu meusi na kuyazungusha pamoja na vumbi. Hapakuwa na mti wenye kivuli. Kumtoa Mama nje ilikuwa kulipeleka jicho moja kwa moja kwenye majivu. Kufungua vioo ilikuwa hivyohivyo. Kuzima gari na kukaa ndani ilikuwa kupikwa. Na kuliwasha likiwa limesimama, mmeshaona linachofanya.

Tulijaribu yote kwa zamu. Dakika kumi limewashwa, kumi limezimwa. Nilimpepea Mama kwa daftari langu. Matone ya jasho yalijikusanya kwenye nyusi zake, na kila moja nililiona linakua, linakuwa zito, linaanza kushuka, nami nikalidaka kwa kitambaa. Nilisema mambo ya kutia moyo, kama nifanyavyo na wanafunzi siku ya mtihani. Ndani yangu nilikuwa na hofu tupu. Halafu Kalenga akasema labda fundi wa Likasi aliweka gesi kidogo mno, nikamgeukia, tukaanza upya.

Haikupita nusu saa njia ikawa soko. Ndivyo ilivyo kwetu; watu wakikwama, mtu mmoja atauza na mwingine atanunua. Katika abiria wa lori alikuwemo mwanamke mnene, mcheshi, aliyejiita Mama Mujinga, jina la kawaida kwetu, si tusi. Alishusha mbabula yake, lile jiko dogo la makaa, akaanza kuchoma viazi vitamu na kuwauzia waliokwama. Kwanza aliiweka karibu na lori. Kisha akaihamishia mbele ya gari la mzee wa samaki. Kisha nikaona anaibeba kwa kitambaa, anakuja kwetu, anaitua hatua moja tu mbele ya pua ya gari letu, ambalo wakati huo lilikuwa limewashwa.

Moshi na mgonjwa wa jicho! Nilishuka haraka, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mama, samahani. Tuna mgonjwa ndani. Naomba usogee kidogo."

"Ni dakika mbili tu, Madame. Makala ishike kwanza."

"Lakini kwa nini hapa? Njia yote hii ni pana."

"Siko nafuata weye, Madame," alisema akigeuza kiazi. "Niko nafuata upepo."

"Upepo gani?"

"Ya motokari yenu. Ona makala yangu." Nikaangalia. Makaa yalikuwa mekundu, yanalia kwa cheche, na yeye hakuwa na upepeo mkononi. "Ile ya papa, yule muzee wa samaki, ni mubaya. Inakulaka majivu, yote inaingia ndani. Ya yenu ni muzuri, inatapika. Inanipulizia moto bure."

Nilisimama pale. Nilikuwa nimesikia sentensi moja yenye fizikia zaidi ya yote niliyofundisha muhula mzima, na mwenye kuisema alikuwa anatafuta chumvi mfukoni.

Nyaya mbili

Naeleza polepole, kwa sababu wengi mmeniuliza na hakuna aibu ya kutojua. Kiyoyozi cha gari hakitengenezi baridi. Kinachukua joto lililomo ndani na kulitoa nje. Mbele kabisa, nyuma ya uso wa gari, kuna kitu kinachofanana na rejeta, chenye mabomba membamba. Humo ndimo joto linapotolewa. Ili litoke, hewa ya nje lazima iyapite mabomba hayo kwenda ndani, upande wa injini. Gari likikimbia, upepo wa njia unafanya kazi hiyo. Gari likisimama, hakuna upepo wa njia, kwa hiyo kuna feni ndogo ya umeme ya kuisukuma hewa. Kuelekea ndani.

Nilipiga magoti mbele ya gari, nikasogeza uso. Hewa ya moto ilinipiga kwenye macho.

Sikujiamini. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaiachia mbele ya uso wa gari. Ikaruka, ikaenda kumgusa Mama Mujinga kifuani. Nikachukua nyingine, nikakimbia hadi kwa mzee wa samaki na kumwomba awashe gari na kiyoyozi chake. Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mwenzake, lakini akawasha. Niliiachia karatasi. Iliganda kwenye uso wa gari lake kama stempu kwenye bahasha.

"Kalenga!" Nilipiga kelele mpaka dereva wa lori akainuka. "Kalenga, kuya hapa!"

Alikuja, nikamwonyesha yote mawili. Alijaribu mwenyewe. Akajaribu tena.

"Lakini ventilateur, ile feni, iko inazunguka," alisema kwa sauti ndogo. "Niliangaliaka kila siku. Iko inazunguka."

"Inazunguka, ndugu yangu. Inazunguka kinyume. Inapigana na gari lako mwenyewe."

Sasa tukajua, na kujua kulikuwa kubaya kuliko kutojua. Gari hili lilikuja kutoka Japani na usukani upande wa kulia, na kwa kuwa kwetu magari hupita kulia mwa njia, Kalenga, kama wengi mjini, alilipeleka kwa fundi wa kuhamisha usukani kwenda kushoto. Kazi hiyo ni ya kufumua gari zima: dashibodi inatolewa, pedali zinahamishwa, nyaya zinakatwa, zinarefushwa na kuunganishwa upya. Feni ya namna hii ina nyaya mbili tu. Ukizibadilisha nafasi, haiungui, haikatai, haipigi kelele. Inazunguka vizuri sana kwa upande usiofaa. Fundi alikuwa amezizungushia zote mbili utepe mweusi uleule, akaiwasha, akaona inazunguka, akasema kazi imekwisha.

"Alinionyesha," Kalenga alisema. "Alisema, ona, inazunguka. Nikapiga makofi."

Nilitaka kumkaripia. Kisha nikakumbuka. Siku ile tulikwenda pamoja kulichukua gari. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, na daftari za fizikia za wanafunzi ishirini na tano kwenye mfuko wangu. Nilipiga makofi pia.

Tukazima gari. Kalenga akavua shati, akalala chini, akazifikia nyaya kwa kisu cha Mama Mujinga kilichokuwa kinanuka viazi. Alizikata, akazivusha, ya huku akaiunga kule. Alipoinuka kutafuta utepe wa kufunga, hapakuwa na utepe. Gari zima, la magurudumu manne, lenye jeki mbili, halikuwa na kipande cha utepe.

"Sparadrap ya Mama," nilisema.

Nilifungua mlango wa nyuma kidogo tu, nikajipenyeza ndani, nikaufunga. "Mama, tumeona ugonjwa wa motokari. Naomba ile sparadrap, tunakata kidogo."

"Chukua, mwanangu. Iko hapa."

Akanyoosha mkono na kunipa roli lote. Na kwenye ncha ya roli nikaona kitu kilichonifanya nisahau feni, daraja na Kalenga. Kulikuwa na vipande viwili vifupi, vimekunjamana, vilivyokwisha kubanduliwa mahali na kubandikwa tena. Nikamwangalia usoni. Kikinga cha jicho kilikuwa kimekaa upande, kimeshikwa na kipande kimoja.

"Mama. Umetoa hiki?"

Alivuta kitenge begani.

"Mama!"

"Jasho iliingia," alisema. "Ilikuwa inauma. Nikapanguza kidogo na kitenge. Mara mbili. Labda tatu."

"Lakini kwa nini hukuniita? Nilikuwa hapa!"

"Mulikuwa munagombana weye na ndugu yako," alisema Mama, bila hasira yoyote. "Juu ya gaz. Nikawaza, nikisema, bataanza tena."

Nilikiinua kikinga. Jicho lilikuwa jekundu kama udongo wa njia.

Sitawaelezea kilio changu. Nilimpa roli Kalenga kupitia upenyo wa kioo, akafunga nyaya kwa sparadrap ya hospitali, akawasha gari. Mama Mujinga alikuwa wa kwanza kujua, kwa sababu majivu ya mbabula yake yaliinuka yote na kuingia kwenye uso wa gari letu. "Ah!" alilalamika. "Mumeharibu!" Ndani ya dakika chache, gari likiwa limesimama palepale, hewa ya baridi ilitoka. Haikuwa kali kama ya asubuhi, maana gesi ya ziada ya Likasi bado ilikuwa inausonga mfumo, lakini ilikuwa baridi. Jasho la Mama lilikauka. Hakuna kati yetu aliyefurahi.

Ekseli ilifika saa tisa na nusu. Mzee wa samaki, aliyekuwa amesikia yote, alisogeza gari lake pembeni tulipokuwa tayari kuvuka. "Piteni mbele," alisema. "Mwenye mugonjwa anapita mbele."

Mitwaba

Kutoka hapo mpaka Mitwaba sina la kuwasimulia. Njia ilipanda, hewa ya milimani ikaanza, watu kando ya njia walitupungia mkono, na mimi sikuona kitu. Nilikaa nyuma na Mama, kichwa chake begani kwangu, mikono yake miwili ndani ya mkono wangu mmoja ili isipande tena usoni. Kalenga aliendesha kama anayebeba mayai. Niliwaza muuguzi wa Lubumbashi na maneno yake. Niliwaza kwamba Mama alikuwa ameona kwa siku kumi na mbili baada ya miaka minne, na kwamba huenda zilikuwa hizo tu. Mara moja Kalenga alisema, "Yaya, ni miye," nikamwambia ni sisi.

Tulifika jua likiwa bado juu ya vilima, tukaenda moja kwa moja kwenye kituo cha afya, kabla ya nyumbani. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri, nao walituachia nafasi. Muuguzi alikuwa mwanamke kijana wa palepale, binti wa jirani, Mama akimjua tangu azaliwe, lakini kwa miaka hiyo minne kwa sauti tu. Aliosha mikono yake muda mrefu. Akaosha jicho kwa maji ya chupa, taratibu, akatazama kwa tochi, akatazama tena. Sisi wawili alitusimamisha mlangoni, kwa sababu tulikuwa tumejaa vumbi.

"Kidonda kimefunguka?" niliuliza.

"Madame, ngoja."

Akalifunika lile jicho lililokufa kwa kiganja chake, ingawa halikuhitaji kufunikwa. Akarudi nyuma hatua tatu, akainua mkono.

"Mama Ngoie. Vidole ni ngapi?"

Mama alikaza jicho. Jicho lake jekundu lilikuwa linatoa machozi, na alilipepesa mara moja, mara mbili.

"Tatu," alisema Mama. Kisha akasogeza kichwa mbele. "Na makucha yako, mwanangu, iko murefu kama ya kuku. Njo mukono unagusaka nayo bagonjwa?"

Benchi lote lilicheka. Muuguzi alificha mkono wake nyuma ya koti, naye akacheka mpaka akaegemea meza. Alipopata sauti alisema kidonda kimeshika, wekundu ni wa kusugua, utapungua kwa dawa, na kwamba nibaki na Mama juma zima ili aliangalie jicho kila asubuhi. Nilibaki. Ndiyo maana mliniona nimechelewa.

Lakini kabla ya hayo alitaka kupima umbali zaidi. Akamgeuza Mama kwenye kiti, akanyoosha kidole kuelekea kwetu.

"Na kule mulangoni, Mama, unaona nini?"

Mama alitutazama, mmoja kisha mwingine, bila haraka.

"Naona batu wazima bawili," alisema, "balijaa vumbi, banalia. Wapatie kiti."